Ndoa ya kijijini Uingereza: uitafute kwenye kitabu cha parokia, nakala ya askofu, karatasi za leseni au cheti cha serikali?

Anayetafuta ndoa iliyofungwa kijijini Uingereza miaka mia mbili iliyopita hakosi pa kuanzia. Kuna mahali patano ambapo ndoa inaweza kuwa imeandikwa: kwenye kitabu cha ndoa cha parokia, kwenye nakala iliyopelekwa kwa askofu, kwenye kitabu cha matangazo, kwenye karatasi za leseni, na tangu 1837 kwenye kumbukumbu za serikali. Juu ya hayo yote kuna faharasa za intaneti, unaandika jina na jibu linatokea papo hapo. Wengi hushika la kwanza lililotokea kwenye skrini na kwenda nalo. Nimeona watu wakijipachikia ukoo mzima usio wao kwa sababu ya mstari mmoja wa faharasa, na kuubandua ukoo uliokwisha kusimuliwa kwa watoto ni kazi kubwa kuliko kuupachika. Ndiyo maana nalinganisha vyanzo hivi kimoja kimoja, ili ujue kipi kitakupa nini.

Mwaka kwanza

Usiulize kipi ni bora kabla ya kujua unatafuta mwaka gani. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Vijiji vyenye kumbukumbu zinazofika huko ni vichache. Wengi waliandika kwenye karatasi hafifu, hadi ilipoagizwa mwaka 1598 kwamba yote yanakiliwe kwenye vitabu vya ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka ambao Elizabeth I alishika kiti. Makasisi wengi waliokuwa na kazi ya kunakili walianzia hapo hapo, wakayaacha ya nyuma. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha kijiji kinaanza 1558, si kwamba watu hawakuoana kabla yake.

Mwaka wa pili wa kushika ni 1754. Sheria ya ndoa ya Lord Hardwicke, iliyopitishwa 1753, ilianza kazi tarehe 25 Machi 1754. Kabla yake, ndoa kijijini ni mstari mmoja tu: tarehe, jina la mume, jina la mke, basi. Baada yake kuna ingizo lenye mpangilio: parokia ya kila mmoja, kama ndoa ni ya matangazo au ya leseni, sahihi ya kasisi, sahihi au alama za maharusi, na mashahidi wawili.

Wa tatu ni 1837. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo serikali iliingia kwenye usajili, na fomu ya ndoa ikapata safu mpya: umri, hali ya ndoa, kazi, makazi, na jina la baba wa kila mmoja pamoja na kazi yake. Kwa mtafuta ukoo, safu ya baba ndiyo inayokupandisha kizazi kimoja juu bila kubahatisha. Kabla ya 1837 kitabu cha ndoa hakikutakiwa kumtaja baba wa mtu yeyote.

Kitabu chenyewe au faharasa?

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Faharasa ni kazi ya watu waliosoma kitabu na kuchapa walichokiona. Ya tovuti ya FamilySearch ni ya bure na ni kubwa mno. Mara nyingi inakupa majina, tarehe na mahali, na kuwaacha mashahidi. Ya tovuti ya FreeREG nayo ni ya bure, inaandikwa na watu wa kujitolea, na kwenye parokia nyingi imejaza mambo zaidi, mashahidi wakiwemo. Kwa kuanzia nawashauri FreeREG kama kijiji chako kimo. Kama hakimo, FamilySearch. Tovuti za kulipia zina faharasa zao, na nyingine zimeambatanisha picha za kurasa, lakini mikataba yao ni ya kaunti kwa kaunti. Usilipe mwaka mzima kabla hujaangalia kama kaunti yako imo.

Faida ya faharasa ni moja na ni kubwa: inatafuta vijiji mia kwa pamoja. Desturi ilikuwa ndoa ifungwe kwenye parokia ya bibi harusi, na wewe huenda unajua parokia ya bwana harusi tu. Bila faharasa utafungua kitabu cha kila kijiji jirani, ukurasa kwa ukurasa. Kwa kukuonyesha ndoa iko wapi, faharasa haina mpinzani. Kwa kukuambia ndoa hiyo ilikuwa nini, haitoshi.

Mwandiko wa karne ya 16 na 17 unampa taabu hata mzoefu. Majina yamefupishwa: Wm ni William, Jno ni John, Xtopher ni Christopher. Baadhi ya makasisi waliandika kwa Kilatini, na James akawa Jacobus, William akawa Gulielmus. Herufi s ya zamani ndefu inafanana na f, na Jesse anageuka Jefse kwenye mikono ya mchapaji asiyejua. Mmoja akikosea herufi ya kwanza ya ukoo, babu yako hapatikani tena, ingawa kwenye kitabu yumo na amekaa vizuri kabisa.

Picha niliyokaa nayo kuliko zote ni ya parokia moja ya Suffolk, ndoa ya miaka ya 1790. Faharasa ilikuwa imenipa majina mawili, tarehe na kijiji. Nikafungua ukurasa. Bwana harusi hakujua kuandika: kuna msalaba mdogo, mstari mmoja mzito, wa pili umekwaruza karatasi hadi wino ukatapakaa, na kasisi ameandika kandokando kwamba hiyo ni alama ya fulani, kama karani wa kwetu anavyoandika jina pembeni ya dole gumba. Bibi harusi ameandika jina lake lote kwa herufi kubwa zilizoachana. Faharasa ilikuwa imelitia jina la ukoo wake herufi moja zaidi. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, hakuiandika. Shahidi wa kwanza alikuwa na ukoo huo huo, na kumbe alikuwa kaka yake, nikaja kumpata kwenye ubatizo wa kijiji cha pili. Shahidi wa pili nilimrukia nikidhani ni mjomba. Nikafunua ukurasa wa nyuma, yumo. Wa mbele, yumo. Alikuwa karani wa kanisa, aliyeshuhudia karibu kila ndoa. Ukiangalia ingizo moja tu huwezi kumtambua mtu wa namna hiyo. Lazima uangalie kurasa zinazolizunguka.

Kuna mfano mwingine unaojulikana, nao ni wa kijiji cha Steventon, Hampshire, ambako George Austen alikuwa kasisi. Kitabu cha ndoa cha parokia yake kilikuwa na ukurasa wa mfano wa kuwaonyesha watumiaji namna ya kujaza. Binti yake Jane, aliyezaliwa 1775 na baadaye akawa mwandishi wa riwaya anayesomwa dunia nzima, aliujaza ukurasa ule alipokuwa msichana. Akatangaza ndoa yake na bwana Fitzwilliam wa London. Akajifungisha ndoa na bwana Mortimer wa Liverpool. Kisha akajiandika mke wa Jack Smith, na mashahidi ni Jack na Jane Smith wenyewe. Jane Austen hakuolewa hadi alipofariki 1817. Anayeushika ukurasa huo, ulio kwenye hifadhi ya nyaraka ya Hampshire mjini Winchester, anaona mara moja kwamba ni ukurasa wa mfano. Uchape maneno yale yale kwenye faharasa, yatakuwa mistari mitatu inayofanana na ndoa nyingine zote za kijiji.

Basi kati ya hivi viwili msimamo wangu ni huu: tafuta kwa faharasa, amini kwa picha. Kama huna njia ya kupata picha, andika pembeni kwamba ulichonacho ni cha faharasa, ili atakayekufuata ajue.

Kuhusu kuipata picha: parokia zilitakiwa na kanuni za kanisa za 1978 kupeleka vitabu vya zaidi ya miaka 100 kwenye hifadhi ya nyaraka ya dayosisi, ambayo kwa kawaida ndiyo hifadhi ya kaunti. Kwa hiyo usimwandikie kasisi wa kijiji kwanza. Anza na hifadhi ya kaunti. Essex, kwa mfano, inauza yenyewe ruhusa ya kutazama picha za vitabu vyake kupitia intaneti. Nyingine zimewapa kazi hiyo kampuni za kulipia. Na zipo picha za FamilySearch ambazo hazifunguki nyumbani mpaka uende kwenye kituo chao au maktaba shiriki. Kituo kikiwa karibu nawe, nenda, huduma ni ya bure.

Kitabu cha parokia au nakala ya askofu?

Lile agizo la 1598 lililodai vitabu vya ngozi lilidai pia kila parokia imnakilie askofu maingizo ya mwaka na kumpelekea. Kwa hiyo kwa vijiji vingi kuna seti ya pili, iliyokaa mbali na unyevu na panya wa kanisa la kijiji.

Kitabu cha parokia kikiwepo na kikisomeka, chagua kitabu. Nakala ya askofu iliandikwa baadaye na haibebi sahihi za maharusi kwa mkono wao. Mara nyingi hata mashahidi hawamo. Aliyenakili aliruka mistari, akapanda na kushuka kwenye miezi. Lakini kitabu kikiwa kimepotea, kimeungua au ukurasa umeliwa, nakala ya askofu ndiyo mwokozi wako. Na nitasema jambo ambalo wengi hawalitegemei: hata kitabu kikiwepo, itazame nakala pia ukipata nafasi. Yapo maingizo yaliyo kwenye nakala na hayamo kitabuni, na yapo majina ambayo kasisi aliyaandika vizuri zaidi alipotulia kumwandikia askofu.

Usitegemee nakala za askofu kwa ndoa za baada ya 1837. Serikali ilipoanza kupelekewa nakala zake, parokia nyingi ziliacha kumpelekea askofu za ndoa, ingawa za ubatizo na maziko ziliendelea hapa na pale.

Matangazo au leseni?

Muumini wa Kianglikana au Kikatoliki huku kwetu hahitaji kuelezwa matangazo ya ndoa. Majina yanasomwa kanisani Jumapili tatu, mwenye pingamizi ajitokeze. Huko ilikuwa hivyo hivyo, na maharusi wakitoka parokia mbili, walitangazwa kwenye zote mbili. Faida yake kwa mtafutaji iko hapo. Ndoa ilifungwa kwa kina mwanamke, lakini kitabu cha matangazo cha kina mwanamume kinakutajia parokia ya mchumba. Ukijua kijiji cha bwana harusi tu, na faharasa imekunyima, fungua matangazo. Udhaifu ni kwamba vitabu vingi vya matangazo havikutunzwa, na kwamba kutangazwa si kuoana. Wapo waliotangazwa mara tatu na mambo yakaishia hapo.

Leseni ilikuwa ya wale wasiotaka kusomwa mbele ya kijiji kizima, au wenye haraka, au wenye uwezo na kupenda kuonekana wana uwezo. Wakulima wa kawaida nao walizitumia, kwa hiyo usiziruke kwa kudhani watu wako walikuwa maskini. Leseni yenyewe walipewa maharusi na mara nyingi imepotea. Zilizobaki kwenye ofisi ya askofu ni karatasi mbili: tamko la kiapo, ambamo bwana harusi anaapa kwamba hakuna kizuizi, na hati ya dhamana, ambamo wadhamini wanajifunga kulipa fedha kama kizuizi kitatokea. Dhamana ilifutwa 1823, kiapo kikabaki. Karatasi hizi zinaweza kukupa umri, kazi, na kwa aliye chini ya miaka 21, jina la mzazi aliyeridhia. Hayo kitabu cha ndoa cha wakati ule hakikupi.

Ndoa ya Shakespeare inaonyesha nguvu na hatari ya karatasi hizi kwa pamoja. Ingizo la ndoa yake kwenye kitabu cha parokia halijulikani lilipo. Tunachojua kinatoka kwenye kumbukumbu za askofu wa Worcester. Tarehe 27 Novemba 1582 karani aliandika leseni ya Wm Shaxpere na Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake, tarehe 28, ikaandikwa hati ya dhamana ya pauni 40 kwa William Shagspere na Anne Hathwey, na wadhamini ni wakulima wawili wa Shottery, Fulk Sandells na John Richardson. Bibi harusi ni mmoja, koo mbili tofauti kwa siku mbili, na jina la bwana harusi nalo limeandikwa namna mbili. Karatasi hizo ndizo zilizobaki, na mtu aliyekuwa na haraka angeweza kutengeneza wanawake wawili kutoka kwa mmoja.

Kwa hiyo: ingizo la kitabu likisema ndoa ilikuwa ya leseni, ifuate leseni kila mara. Likisema ya matangazo, yafuate matangazo pale tu unapohitaji kujua mtu alitoka parokia gani.

Kitabu cha kanisa au cheti cha serikali?

Kwa ndoa ya kanisani baada ya tarehe 1 Julai 1837, una njia mbili, na watu wengi hulipia isiyo ya lazima.

Kila kanisa lilijaza vitabu viwili vinavyofanana. Maharusi walitia sahihi kwenye vyote. Kimoja kilibaki kanisani, cha pili kilipelekwa kwa msajili wa wilaya kikijaa. Kila robo mwaka kasisi alinakili maingizo yake kwenye karatasi nyingine, zikaenda kwa Msajili Mkuu. Ofisi ya Msajili Mkuu inapokupa cheti, inakupa kilichotoka kwenye karatasi hizo. Maana yake sahihi unazoziona humo ni mwandiko wa kasisi, na kama aliruka neno, wewe umelirithi kosa lake. Picha ya kitabu cha kanisa ina safu zile zile, baba yumo, kazi imo, na sahihi ni za wenyewe.

Kama shida yako ni kujua, chagua picha ya kitabu cha kanisa. Kama hukijui kanisa, au ndoa haikufungwa kanisani, tumia faharasa ya serikali: tovuti ya FreeBMD inakupa bure wilaya, robo mwaka, juzuu na ukurasa, na kwa hizo unaagiza cheti bila kubahatisha. Tahadhari moja kwenye safu ya umri: kasisi wengi waliandika tu kwamba mtu ametimiza umri, yaani ana miaka 21 au zaidi. Huyo anaweza kuwa na 22 au 60. Usikokotoe mwaka wa kuzaliwa kwa neno hilo.

Kama shida yako ni ya ofisini, habari ni nyingine kabisa. Mtanzania, Mkenya au Mganda ambaye bibi au babu yake alizaliwa Uingereza anaweza kuomba viza ya kazi kwa nasaba hiyo, na ataulizwa vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vinavyounganisha vizazi. Hapo picha ya kitabu cha kanisa, iwe nzuri namna gani, haisimami mahali pa cheti. Ni kama huku kwetu unapoambiwa ulete cheti cha RITA na wewe umekuja na picha ya simu. Agiza cheti chenye muhuri, kwa Msajili Mkuu au kwa msajili wa wilaya.

Vitabu hivi vya ndoa vimeshafungwa. Tangu tarehe 4 Mei 2021 ndoa za Uingereza zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na kwa mara ya kwanza jina la mama limepata nafasi yake. Miaka 184 ya safu ya baba peke yake; kwa anayefuatilia upande wa mama, pengo hilo linauma, na dawa yake ni ubatizo.

Mitego ya tarehe na dini

Kabla ya 1752 mwaka mpya wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ukiona ndoa ya Februari 1730 na mtoto kabatizwa Aprili 1731, usihesabu miezi kumi na minne. Februari ile kwa hesabu yetu ni ya 1731, na bibi harusi alikuwa mjamzito. Faharasa nyingine hurekebisha mwaka, nyingine huuacha kama ulivyo, na hazikuambii zimefanya lipi. Kitabu chenyewe kinaonyesha, kwa sababu utaona Machi ikikatika katikati ya mwezi na mwaka kubadilika.

Kuanzia 1653 hadi 1660, wakati ambapo hakukuwa na mfalme, ndoa zilikuwa mikononi mwa mahakimu wa amani, na vitabu vingi vya vijiji vina pengo. Hapo hakuna cha kuchagua, unachukua kilichobaki.

Na usidanganywe na dini ya familia. Kati ya 1754 na 1837 Mbaptisti, Mmethodisti na Mkatoliki wote walilazimika kufunga ndoa kwenye kanisa la parokia ili itambulike kisheria. Waliosamehewa ni Wakweka (Quakers, dhehebu la Marafiki) na Wayahudi. Familia ambayo ubatizo wake wote uko kwenye kanisa dogo la Kimethodisti, ndoa zake ziko kwa kasisi wa Kianglikana.

Ningekuwa natafuta ndoa ya kibarua wa shamba wa mwaka 1820, ningeanza FreeREG kwa kijiji chake na vijiji vyote vya umbali wa kutembea kwa miguu, nikipata ningeenda kwenye picha na kusoma ukurasa mzima, kisha nakala ya askofu kwa kuhakikisha. Kwa ya 1680, ningeweka faharasa na nakala ya askofu mkononi kwa pamoja tangu mwanzo. Kwa ya 1860, picha ya kitabu cha kanisa, na fedha za cheti ningeziweka akiba kwa ajili ya ndoa ya wazazi wa bibi harusi, ambayo pengine ilifungwa kabla ya 1837 na itanihitaji kwenda hifadhi ya kaunti mwenyewe, na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hawaruhusu mezani.